Mungu wa Mvua Isiyotabirika

Katika mimbari zetu iko sentensi moja ambayo imerudiwa mpaka imekaribia kuwa sehemu ya Imani ya Mitume. Inasema hivi: kama viumbe vimebadilika kwa nasibu, basi Mungu hayupo, na kwa kuwa Mungu yupo, basi mafundisho ya mageuko ya viumbe ni uongo. Tumeisikia katika semina za vijana, katika mikutano ya injili, katika ibada za mavuno, na, tukiri bila kuficha, tumeisema sisi wenyewe. Makala hii inaandikwa kuipinga. Tunapinga hasa nusu yake ya kwanza, ile inayodai kwamba nasibu na Mungu haviwezi kukaa nyumba moja. Nusu hiyo haikutoka katika Biblia. Ilitoka kwa wasioamini, nasi tukaiazima, tukaivika kanzu na kuipandisha mimbarani.

Tunaipinga kwa sababu ina gharama, na wanaoilipa gharama hiyo si sisi tunaohubiri.

Miaka michache iliyopita, katika kipindi cha theolojia ya uumbaji chuoni, mwanachuo mmoja kutoka nyanda kavu za kaskazini mwa Tanzania alisimama akatusimulia habari za ukame wa mwaka 2009. Baba yake alikuwa na ng'ombe arobaini na wawili. Mvua zilipokataa, walikufa mmoja mmoja, hata wakabaki watatu wasioweza kusimama bila kuinuliwa kwa mkia. Ndipo akaja mhubiri. Akawakusanya watu wa boma akawaambia kwamba Mungu habahatishi. Kwa hiyo kila ng'ombe aliyekufa amekufa kwa sababu, na sababu hiyo imo ndani ya boma, watu watubu. Jirani ambaye mifugo yake ilipona akaitwa mbele kutoa ushuhuda. Mzee yule hakutubu, maana hakujua atubu nini. Alinyamaza, na tangu siku ile hakukanyaga tena kanisani. Mwanachuo akamaliza kwa swali: "Mchungaji, yule jirani alikuwa mwema kuliko baba yangu?"

Siku ile tulimjibu kwa maneno mengi yasiyo na jibu ndani yake. Makala hii ni jibu letu lililochelewa.

Msomaji atauliza, mageuko ya viumbe yanahusianaje na ng'ombe wa mzee huyu? Yanahusiana sana. Anayesema kuwa hakuna nasibu katika uumbaji wa Mungu hana budi kusema kuwa kila pigo limelengwa. Na pigo likiwa limelengwa, aliyepigwa alistahili, na aliyeponea ni mteule. Mhubiri yule hakupotoka katika mantiki yake. Alichukua sentensi yetu akaifikisha mwisho wa safari yake. Kama hatuipendi njia ilikotufikisha, turudi tulikoanzia.

Kisiwa kimoja na midomo ya ndege

Tuanze na mambo yalivyo kabla hatujayahubiri. Katika Bahari ya Pasifiki, upande wa magharibi wa Ekuador, viko Visiwa vya Galápagos. Kimojawapo ni Daphne Major, kisiwa kidogo cha mawe, hekta 34 hivi, kisicho na mkazi. Mwaka 1973 Peter Grant na mkewe Rosemary walianza kuwachunguza ndege wa huko waitwao finchi, ndege wadogo wanaofanana na chiriku wetu. Waliwafunga pete miguuni, wakapima midomo yao, wakaandika nani kazaa na nani na vifaranga wangapi walikua. Waliendelea kwa miaka 40. Ni wahubiri wangapi kati yetu waliowahi kukaa na jambo moja kwa miaka 40 kabla ya kulitolea hukumu?

Mwaka 1977 mvua zilikataa. Katika msimu mzima zilinyesha milimita 24 tu. Majani madogo hayakuzaa mbegu, na mbegu ndogo laini zilizokuwa zimebaki zikaliwa zikaisha. Zikasalia mbegu kubwa ngumu, hasa za mmea wa jamii ya mbigili, ile miiba inayotoboa matairi ya baiskeli zetu. Ndege wenye mdomo mnene waliweza kuzipasua. Wenye mdomo mwembamba walishindwa. Kati ya finchi wa kati, ambao ndio wengi kisiwani, asilimia 85 hivi walitoweka. Waliobaki wakazaa, na vifaranga wao wakawa na midomo minene zaidi kwa karibu asilimia 4 kuliko kizazi cha kabla ya ukame. Hakuna ndege aliyenenepa mdomo kwa bidii yake. Unene wa mdomo hurithiwa, na njaa ilikuwa imepita ikichagua.

Kama habari ingeishia hapo, mtu angesema: basi, midomo minene ndiyo bora, na uumbaji unapanda ngazi. Lakini mwishoni mwa mwaka 1982 bahari ilipata joto, ikaja El Niño, ndugu yake yule tuliyemfahamu hapa Afrika Mashariki kwa mafuriko ya mwaka 1997. Mwaka 1983 kisiwa kile kikavu kilipata zaidi ya milimita 1,300 za mvua. Mimea midogo ikafunika kila mahali, ikamwaga mbegu ndogo zisizohesabika. Ukame uliporudi muda mfupi baadaye, chakula kilichokuwepo kilikuwa mbegu ndogo. Safari hii wenye maumbo makubwa na midomo minene ndio waliopata taabu, na wadogo wakapona.

Kisha likaja funzo la tatu, ambalo kwetu ni kubwa kuliko yote. Ukame mkali ulirudi miaka ya 2003 hadi 2005. Mtu aliyesoma habari za mwaka 1977 angetabiri kwamba wenye midomo minene watashinda tena. Haikuwa hivyo. Wakati wa ile El Niño ya 1982 walikuwa wameingia kisiwani finchi wengine wakubwa zaidi, wakazaliana, nao wakazimaliza mbegu za mbigili. Wale finchi wa kati wenye midomo minene wakakuta meza imekwisha andaliwa kwa wengine. Wakafa, na wenye midomo myembamba wakabaki. Ukame ulikuwa ule ule na kisiwa kile kile, lakini hukumu iligeuka.

Mwaka 2002 akina Grant walipochapisha muhtasari wa miaka 30 ya kazi yao, neno walilolisisitiza ni kwamba mageuko hayo hayakutabirika. Ndege wa mwisho wa utafiti hawakuwa kama wale wa mwanzo, lakini hakuna mtu ambaye angeweza kusema mwaka 1973 watakuwaje. Waligeuzwa huku na huku na mvua isiyo na ratiba.

Neno "nasibu" na Biblia yetu

Hapa ndipo mhubiri wetu anaporuka kutoka kitini. "Mnaona? Wanasema ni bahati tu! Mungu yuko wapi?"

Ndugu mpendwa, tulia kwanza tuulize neno hilo lina maana gani. Mtaalamu wa viumbe anaposema "nasibu" hasemi kwamba jambo halina sababu. El Niño ina sababu: pepo hulegea, maji ya joto husogea upande wa mashariki wa bahari, mvua hufuata. Utofauti wa midomo una sababu: vinasaba walivyorithi kutoka kwa wazazi. Anachosema ni kwamba mistari hii miwili haikushauriana. Bahari haikupata joto kwa ajili ya mdomo wa ndege fulani, na mdomo haukuota mwembamba kwa kutazamia El Niño. Mistari ilikutana, na pale ilipokutana, wengine walipona na wengine walikufa. Huo ni usemi kuhusu viumbe na uhusiano wao. Juu ya Mungu hausemi lolote, wala hauwezi kusema, maana hakuna rula ya kumpima Mungu iliyowahi kupelekwa Daphne Major.

Nayo Biblia haiogopi neno hili. Ruthu alipotoka kuokota masazo, maandiko yanasema ni bahati iliyomfikisha katika shamba la Boazi (Ruthu 2:3), na kutoka katika bahati hiyo tukampata Daudi. Mfalme Ahabu alijibadili sura vitani asitambuliwe, akauawa na mtu aliyevuta upinde kwa kubahatisha, asijue anampiga nani (1 Wafalme 22:34). Mitume walimchagua Mathiya kwa kura (Matendo 1:26). Mithali 16:33 inakubali kwamba kura hutupwa kweli, tena inakubali kwamba hukumu ya kura ni ya Bwana. Haikutuambia tuchague moja kati ya hayo mawili. Na katika tafsiri ya Union Version, neno "nasibu" lenyewe limo katika maneno ya Bwana wetu, katika mfano wa Msamaria mwema, pale kuhani aliposhuka njia ile (Luka 10:31). Bwana alilisema bila kutetemeka. Sisi tumelifanya kuwa jina la shetani.

Kanisa letu lina theolojia ya kutosha kwa jambo hili, kama tungeisoma. Martin Luther alifundisha kwamba Mungu hutenda akiwa amejificha nyuma ya viumbe vyake, na viumbe hivyo aliviita vinyago vya Mungu. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 tunakiri kwamba Mungu ametuumba sisi pamoja na viumbe vyote, na papo hapo tunajua kwamba tulizaliwa na baba na mama. Hakuna kijana wa kipaimara aliyewahi kusema, "Mama alinizaa, kwa hiyo Mungu hakuniumba." Kwa nini basi tumfundishe kusema, "Mvua na njaa vimewageuza ndege, kwa hiyo Mungu hakuwaumba"? Mungu aliyeweza kumpitisha Daudi katika bahati ya Ruthu hashindwi kupitisha uumbaji wake katika mvua isiyotabirika.

Hesabu ya mbegu zinazolala

Wako watakaokubali hayo yote, kisha waseme kwamba katika nasibu hakuna hekima ya kujifunza, ni vurugu tu. Tuwaombe wakae nasi tupige hesabu ndogo, ambayo mkulima yeyote wa Dodoma au Kitui ataifahamu.

Chukua mmea wa nyikani unaoishi msimu mmoja. Mwaka wa mvua, kila mbegu iliyoota huzaa mbegu 4. Mwaka wa ukame, kila iliyoota hufa bila kuzaa. Mmea wa kwanza huotesha mbegu zake zote kila mwaka. Una mbegu 100. Mvua zikija unapata 400. Mwaka unaofuata ni ukame, zote 400 zinaota na zote zinakufa. Ukoo umekwisha, na ule wingi wa mwaka uliopita haukusaidia kitu. Mmea wa pili huotesha nusu, na nusu hubaki zimelala udongoni. Mvua zikija, 50 huota zikazaa 200, na zilizolala ni 50, jumla 250. Ukame ukija, 125 huota zikafa, lakini 125 bado zimelala. Kwa miaka miwili umetoka 100 ukafika 125, na ukoo unaishi. Mwaka mbaya ukitangulia, matokeo ni yale yale: 100 zinashuka hadi 50, kisha zinapanda hadi 125.

Mwanabiolojia Dan Cohen alilionyesha jambo hili kwa hesabu mwaka 1966, na baada yake limeonekana katika mimea mingi ya jangwani. Hata samaki wadogo wa madimbwi ya mvua katika nchi zetu huishi hivyo: maji yakikauka wazazi wote hufa, lakini mayai yamelala matopeni, na hayaamki yote kwa mvua ya kwanza, kwa maana mvua ya kwanza inaweza kudanganya. Panapokuwa na mabadiliko yasiyotabirika, kinachodumu ni kile ambacho hakikuweka uhai wake wote juu ya mwaka mmoja, na mara nyingi hicho si kile chenye mavuno makubwa katika mwaka mzuri.

Mhubiri, mwana wa Daudi, aliliona jambo hili kabla ya hesabu hizo. Katika sura ya 11 anatuagiza tugawe sehemu kwa saba, naam hata kwa wanane, na tupande asubuhi na jioni, kwa kuwa hatujui ni ipi itakayofaa. Tazama jinsi anavyojenga hoja yake: hakusema tupande kwa sababu tunajua, amesema tupande hivyo kwa sababu hatujui. Wafugaji wetu wamelitenda kwa vizazi vingi, wakichanganya ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, na kuwaweka baadhi ya mifugo kwa rafiki anayeishi mbali, ambako wingu jingine hunyesha. Hiyo ni imani iliyokubali kwamba kesho ni ya Mungu.

Nani aliye bora?

Sasa tugeuke upande wa pili, maana hatupigani na mhubiri wetu peke yake. Wapo waliochukua mafundisho ya mageuko ya viumbe wakayafanya kuwa dini ya wenye nguvu: aliyeponea ndiye bora, tajiri ni tajiri kwa kuwa ameshinda, maskini ameshindwa na maumbile. Katika karne ya 20 fikra za namna hiyo zilitumika kuhalalisha ubaguzi wa rangi na hata mauaji ya watu walioitwa dhaifu. Kanisa lilikuwa na haki ya kukasirika.

Lakini finchi wa Daphne wenyewe wanalikanusha fundisho hilo. Nani alikuwa bora, mwenye mdomo mnene au mwembamba? Mwaka 1977, mnene. Baada ya 1983, mwembamba. Mwaka 2004, ukame ule ule, mwembamba. Ubora uliokuwa pale ulikuwa kufaa kwa mwaka huo tu, na mwaka haukuulizwa na mtu. Wahenga walisema aliye juu mngojee chini. Ndege hawa wameliandika kwa midomo yao.

Na hapa ndipo tunapotaka injili ya mafanikio ijitazame kwenye kioo. Inamchukia Darwin hadharani, na kwa siri inahubiri fundisho lile lile la wenye nguvu, tena kwa ukatili zaidi. Mwenye gari ana imani. Asiye na gari anayo kasoro. Ng'ombe waliopona ni muhuri wa upako. Waliokufa ni ripoti ya dhambi. Tofauti ni kwamba yule mpagani alimwambia maskini "umeshindwa na maumbile", na huyu wetu anamwambia "umekataliwa na Mungu". Kati ya hao wawili, ni yupi aliyemjeruhi zaidi mzee yule wa bomani?

Mfano mwingine uko ndani ya damu yetu. Ugonjwa wa selimundu huwapata watoto wengi katika nchi zetu, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa ya watoto wanaozaliwa nao. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwa utafiti uliofanyika Afrika Mashariki kwamba mtu mwenye kinasaba cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Anayekirithi kwa wazazi wote wawili huugua. Ndiyo maana kinasaba hicho ni kingi penye malaria na hupungua pasipokuwepo. Je, ni kizuri au kibaya? Ulizeni kwanza kama mbu wapo. Kile kilichowaokoa mababu wengi wasife utotoni ndicho kinachomfanya mjukuu mmoja alie usiku kwa maumivu ya mifupa. Hakuna laana hapo ya kuondolewa kwa kelele za mkesha. Liko jambo la kuwabebea wazazi msalaba wao, kuwapeleka hospitali, na kuwapima vijana kabla ya ndoa. Mchungaji anayewaambia wazazi hao "tafuteni laana ya ukoo" amefanya uongo mara mbili: juu ya damu yao, na juu ya Mungu wao.

Pingamizi tatu

La kwanza: "Ndege bado ni ndege. Hawakugeuka kuwa kitu kingine." Ni kweli, na tusidai zaidi ya kilichoonekana. Miaka 40 ni michache. Imeonyesha jinsi jambo linavyofanya kazi. Kwa muda mrefu zaidi, tazama Ziwa Viktoria. Matope ya chini ya ziwa yanaonyesha kuwa lilikauka, likajaa tena miaka kama 15,000 iliyopita. Ndani yake wataalamu wamehesabu aina za furu zipatazo 500: wala konokono, wala wadudu, wala mwani, wala samaki wenzao. Kisha mazingira yakageuka ghafula kwa mkono wa binadamu: sangara akaletwa miaka ya 1950, maji yakachafuka, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zikatoweka. Anayesema viumbe havibadiliki kamwe, na azungumze kwanza na wavuvi wa Mwanza.

La pili: "Mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu." Amina. Lakini mfano wa Mungu haumo katika kipimo cha taya wala katika historia ya mifupa. Mwanzo 2:7 inatuambia kwamba mwili wetu ni mavumbi, na bado hatuoni haya kuitwa wana wa Mungu. Kama mavumbi hayakumzuia Mungu, safari ndefu ya mavumbi hayo haitamzuia. Mfano wa Mungu ni wito na uhusiano: Mungu ametuita kwa jina, ametufanya tuwajibike mbele zake, na katika Kristo ametuonyesha mtu halisi ni nani.

La tatu ndilo zito, na tunaliheshimu: "Mungu gani mwema huumba kwa njia ya njaa, ndege 85 katika 100 wakitoweka?" Hatutalijibu kwa wepesi. Asiyetetemeka kwa swali hili hajawahi kuzika mtoto. Tunaweza kusema mambo mawili tu. Kwanza, kifo hicho kipo, tuamini mageuko au tusiyaamini. Anayekataa kitabu cha biolojia hajamfufua ndege hata mmoja. Pili, Bwana wetu alizungumza habari za shomoro, ndege wadogo waliouzwa kwa bei ndogo kabisa, akasema hakuna hata mmoja aangukaye pasipo Baba (Mathayo 10:29). Tumelihubiri andiko hilo kana kwamba linasema shomoro hawaanguki. Halisemi hivyo. Shomoro huanguka. Ahadi ni kwamba Baba yupo pale wanapoanguka.

Hii ndiyo theolojia ya msalaba ambayo Luther aliitetea kule Heidelberg mwaka 1518, akiipinga ile ya utukufu inayomtafuta Mungu katika ushindi na nguvu tu. Mungu aliyefunuliwa Golgotha hakusimama upande wa waliofaa kwa mwaka ule. Walifaa Pilato na Kayafa. Yeye alisimama upande wa aliyetupwa nje. Ndiyo maana hatuifanyi asili kuwa Injili. Mvua na njaa zinaweza kutueleza jinsi viumbe walivyofika hapa. Haziwezi kutuamuru tuwatupe wanyonge, kwa kuwa Bwana wa viumbe amewachagua hao hao. Uumbaji wote unaugua, asema Paulo katika Warumi 8:22, na sisi tunaugua nao tukingoja.

Tunachodai

Tunadai mambo manne, na tunajidai sisi wenyewe kwanza.

Tuache kuwalazimisha vijana kuchagua kati ya kitabu cha biolojia na Meza ya Bwana. Wanaosoma kidato cha sita wana macho. Tukiwaambia kwamba kimoja ni uongo, siku watakapokihakiki watatushuku hata tunapowaambia kwamba Kristo amefufuka. Mlango huo tumeufunga sisi, kisha tunalalamika kwamba vijana hawaingii.

Vyuo vyetu vya theolojia vifundishe somo la uumbaji pamoja na yale yanayojulikana juu ya viumbe. Mchungaji anayejua Kigiriki cha Warumi na hajui jinsi mbegu inavyolala udongoni atawahubiria wakulima akiwa nusu kipofu.

Mashamba na miradi ya kanisa isishangilie aina moja ya mbegu au ya ng'ombe kwa kuwa ilizaa sana mwaka mmoja mzuri. Mbegu mpya zina faida, nasi hatuzikatai. Lakini mtama, uwele, muhogo na zebu wetu wadogo wamepita miaka mibaya mingi. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Na la mwisho, tusisimame tena mbele ya watu waliopatwa na ukame, mafuriko au ugonjwa, tukawaambia kwamba tunaijua dhambi iliyoleta. Walipomletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa, yeye mwenyewe alitaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wengine. Jibu lake lilikuwa sivyo (Luka 13:4-5). Kisha akawaita watu wote kutubu, wale waliosimama wakiwemo.

Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, ambaye sasa nawe ni mchungaji: hapana. Jirani hakuwa mwema kuliko baba yako. Wingu lilinyesha upande wake, au alikuwa na ng'ombe kwa rafiki wa mbali, au yote mawili. Mungu anawanyeshea mvua wenye haki na wasio haki, na ukame nao hauulizi. Mwambie mzee hivyo, kama yu hai. Mwambie kwamba waliomfukuza kanisani hawakutumwa na Yule mwenye kanisa. Na kama atakubali, tungependa kufika bomani kwake, tukae chini, tumwombe radhi.